Dumu Lililofichwa Nyuma ya Mlango

Kuna wizi ambao watu wengi hawauiti wizi. Kijana akikamatwa na kuku wa jirani, mtaa mzima utapiga kelele. Lakini akionekana alfajiri na kidumu cha petroli aliyoinyonya usiku kwenye gari lililoegeshwa, utasikia watu wakicheka na kusema, "Amejipatia chai." Dereva naye akipunguza lita tano za mwajiri wake, husema amejikatia posho. Mke wake anapokea fedha ya mboga jioni ile na wala haulizi. Hivyo ndivyo jambo hili lilivyopewa jina zuri, na ovu likishapewa jina zuri ni kazi ngumu kulitoa nyumbani.

Sisi tunaowahudumia wagonjwa tunalijua kwa harufu kabla ya kulijua kwa jina. Mgonjwa anaingizwa mlangoni, ndugu wanasema ni homa, au ameanguka, au amekula kitu kibaya. Lakini shati lake linanuka petroli. Tumeona hayo mara nyingi kiasi cha kutosha kutufanya tuwaandikie akina mama wenzetu, maana katika kila mgonjwa wa namna hiyo palikuwa na mama, au mke, aliyekuwa ameliona dumu kabla yetu.

Njia ya misafara, ya zamani na ya leo

Tabora yetu ni mji uliolelewa na wasafiri. Katikati ya karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe kwa majuma, hata kwa miezi. Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakakuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu mahali palipoitwa Kazeh. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walikaa pamoja Kwihara hadi Machi 1872, na lile tembe bado wageni huenda kulitazama. Mizigo yote ilipita juu ya miili ya watu. Mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akaenda nazo siku baada ya siku katika jua na miiba.

Na tangu siku hizo hofu kubwa ya mwenye msafara ilikuwa ni mzigo kupungua njiani. Watemi walidai hongo, nayo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia unaojulikana, unaolipwa kwa nguo, shanga na nyaya mbele ya watu, si jambo la kificho kama neno hilo lilivyogeuka leo. Hongo mwenye msafara aliweza kuipigia hesabu. Hakuweza kupiga hesabu ya mpagazi aliyetoweka usiku pamoja na mzigo wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wakapungua. Siku hizi njia ni za lami, na wapagazi wetu ni malori. Pale Igunga na Nzega hupita mizigo ya Rwanda na Burundi usiku na mchana. Huku Tabora mjini, Urambo na Kaliua yapo magari ya tumbaku, mabasi, magari ya miradi, ya shule na ya makanisa. Magari hayo hulala. Na palipolala gari, pamelala tanki lenye mafuta ya mtu.

Hatuna haja ya kueleza kwa urefu namna wizi unavyofanyika, maana gazeti hili husomwa hata na watoto. Inatosha kusema kwamba vifaa ni vitatu tu: mpira, dumu, na mdomo wa mtu. Mnunuzi hakosekani. Yupo kijana wa bodaboda anayetaka lita moja kwa bei ya chini kuliko ya sheli. Yupo mwenye jenereta. Tena, tuseme bila kuoneana haya, wapo akina mama wenye mashine za kusaga wanaoletewa dizeli mlango wa nyuma na hawaulizi imetoka wapi. Mama huyo hupata nafuu ya shilingi mia chache kwa lita, akajiona ni hodari wa biashara. Sheria ya nchi haimwoni hivyo. Anayepokea mali huku akijua imeibwa naye ni mkosaji.

Lita 20 ni kitu gani?

Mara nyingi tunaambiwa, "Lakini mama, ni mafuta kidogo tu." Basi hebu tupige hesabu ya hayo mafuta kidogo.

Kutoka Tabora mjini hadi Sikonge ni kama kilomita 70. Gari kubwa la kubebea wagonjwa, la aina ile ya Land Cruiser inayotumika sana huku, likiwa limezeeka kidogo na limepakia watu, hutumia lita moja kwa kilomita saba au nane. Dumu moja la lita 20 basi ni safari ya kwenda Sikonge na kurudi. Mtu aliyelinyonya dumu lile usiku hakuiba mafuta tu, aliiba safari nzima.

Na mama aliye katika uchungu uliokwama, au anayetokwa na damu baada ya kujifungua, hana muda wa kusubiri. Wauguzi wote wanajua kwamba damu ya uzazi inaweza kumwondoa mama mzima katika muda wa saa mbili. Tuliwahi kuwa zamu, katika kituo ambacho hatutakitaja, dereva alipopanda garini, akawasha, akakuta mshale wa mafuta uko chini kabisa. Jioni alikuwa ameliacha na zaidi ya nusu ya tanki. Kwa gari la dizeli jambo hilo lina ubaya wa pili: mafuta yakikauka, hewa huingia katika mabomba, na hata ukileta mafuta mengine injini haiwaki mpaka fundi aitoe ile hewa. Usiku ule mafuta yalipatikana kwa jirani mwenye lori, na fundi akaamshwa. Mama yule alifika akiwa hai. Mtoto wake hakuwahi.

Aliyenyonya dizeli ile hakujulikana. Labda aliiuza kwa mtu mwenye mashine ya kusaga, na labda unga uliosagwa kwa dizeli ile ulipikwa uji wa mzazi fulani. Hatuwezi kujua. Lakini tangu siku ile tukisikia mtu akisema ni mafuta kidogo tu, tunamwomba atutajie kidogo hicho ni kilomita ngapi.

Kinachotokea kifuani

Kijana anayenyonya petroli kwa mdomo hufikiri hatari ni kuimeza. Tumbo, kwa kweli, huivumilia petroli kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hatari kubwa ipo kwenye mapafu. Petroli na mafuta ya taa ni vyepesi sana, vinateleza kuliko maji. Funda moja likimpalia mtu hutiririka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyaunguza huko, si kwa moto, bali kama sabuni inavyoondoa mafuta kwenye sahani. Mapafu yana utando mwembamba wa kuyasaidia kutanuka. Petroli huuharibu.

Kwanza mtu hukohoa sana. Halafu anaweza kupata nafuu, akacheka na wenzake, akaenda kulala. Baada ya saa chache homa inapanda, pumzi inakuwa fupi na ya haraka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa. Wazazi wengi huja wakati huo, wakisema mtoto ameshikwa na nimonia ghafla. Kweli ni nimonia, ila ni ya petroli.

Zamani palikuwa na sumu nyingine tena, kwa sababu petroli ilitiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya namna hiyo kufikia mwaka 2006. Hilo limewafanya watu fulani kudhani kwamba petroli ya siku hizi haina madhara. Si kweli hata kidogo. Bado ina kemikali zinazodhuru damu ya mtu anayeivuta mara kwa mara, na wapo watoto wanaolala kwenye maegesho ambao wameanza kwa kuiba wakaishia kuinusa ili wasisikie njaa na baridi. Mtoto anayenusa petroli anaweza kuanguka na kufa papo hapo, moyo ukikosa mapigo yake ya kawaida. Ukimwona mtoto ana macho mekundu, vipele kuzunguka mdomo na pua, hatulii darasani, na nguo zake zinanuka petroli, usianze na fimbo. Kaa naye kwanza.

Kuna na jambo la dumu lenyewe nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka dirishani kama moshi. Hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, hukuti rangi yake, hupita chini ya mlango hadi penye jiko la mkaa. Petroli huweza kutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Tabora mwezi wa Oktoba. Dumu nyuma ya mlango, jiko la mkaa upande wa pili, na watoto wamelala kati yake: tumewahi kuuguza familia ya namna hiyo, na hatupendi kueleza zaidi.

Halafu dumu lile lile, petroli ikishauzwa, hupelekwa dukani kununulia mafuta ya taa. Petroli kidogo iliyobaki chini huchanganyika na mafuta ya taa, na koroboi au jiko la utambi likiwashwa kwa mchanganyiko huo hulipuka. Mama atamlaumu mwenye duka. Hatajua kwamba kosa lilikuwa ndani ya dumu lake mwenyewe.

Kijana wa miaka 16

Turuhusuni tusimulie la mgonjwa mmoja, bila kutaja jina lake wala mtaa wake, na mambo mengine tumeyafunika ili asijulikane.

Alikuwa na miaka 16, mtoto wa mama mjane anayeuza karanga na maembe stendi. Aliletwa usiku na mgambo wawili. Kichwa kimepasuka, mkono umevunjika, na nguo zote zimelowa petroli. Alikuwa amekamatwa akinyonya mafuta kwenye gari la mwalimu mmoja, lita nne hivi. Watu walitoka majumbani na fimbo na mawe. Walipochoka kumpiga, mmoja wao akachukua lile dumu na kummwagia mafuta yale yale aliyoiba, na mwingine akaanza kutafuta kiberiti. Aliyemwokoa ni yule mwalimu mwenye gari. Alijilaza juu ya kijana, na kwa kuwa alikuwa amewafundisha wengi wa waliokuwa wamesimama pale, waliona haya.

Petroli ya lita nne wakati ule ilikuwa kama shilingi elfu kumi na mbili.

Asubuhi mama yake alikuja na uji. Alisimama mbali na kitanda. Tulidhani analia, lakini alikuwa anaogopa kumwuliza mwanawe swali ambalo alipaswa kumwuliza miezi mitatu nyuma. Baadaye alituambia mwenyewe. Kijana alikuwa akileta elfu mbili, elfu tatu, kila baada ya siku chache. "Nikamwuliza, 'Mwanangu, hizi umezipata wapi?' Akasema, 'Mama, nimewasaidia kaka zangu wa malori kupakia.' Nikaona mikono yake inanuka. Nikanyamaza. Karanga zilikuwa hazitoki."

Hatukuwa na neno la kumkemea mama yule, na hata sasa hatuna. Karanga zilikuwa hazitoki. Lakini tunaliandika neno lake kwa ruhusa yake, maana anasema angependa mama mwingine alisome kabla ya kusimama mbali na kitanda kama yeye.

Kijana alipopona, mwalimu alikubali yamalizwe kwa mapatano, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili wa kanisa. Kijana alilipa mafuta, na kifuniko cha tanki kilichovunjwa, kwa kufanya kazi ya bustani ya shule siku za Jumamosi. Watu wengine walisema ni adhabu ndogo. Sisi tunaona ilikuwa kubwa, maana alilazimika kukutana na mwalimu uso kwa uso kila Jumamosi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haitaki mtoto aliye chini ya miaka 18 ahukumiwe kifungo cha gerezani. Lengo lake ni kumrekebisha. Tunawaambieni hili, akina mama, kwa sababu wengi huficha makosa ya watoto wao kwa kuogopa gereza, na wakati wanaficha, mtaa wenye mawe unasubiri nje.

Wanaokimbilia mafuta yanapomwagika

Tabia ya kuona mafuta kama mali isiyo na mwenyewe huanzia kwenye dumu moja, na huonekana sura yake kamili siku lori la mafuta linapopinduka. Wote tunaikumbuka Jumamosi ile ya tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro. Lori lilianguka, watu wakaenda na madumu na ndoo, wengine na bodaboda zao, na moto ukawakuta humo humo. Watu wapatao 100 walipoteza maisha, wengine papo hapo na wengine wodini siku na majuma yaliyofuata, na taifa liliomboleza siku tatu. Miaka tisa kabla, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka kijijini Sange, Kivu ya Kusini, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Walikufa zaidi ya 230, wakiwamo watoto wengi. Na huko Sachangwan karibu na Molo, nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, walikufa zaidi ya 100.

Katika majanga kama hayo huwamo watu ambao hawakwenda kuchota. Wapo waliopita njia, waliosimama kutazama, na waliokwenda kumwita ndugu yao arudi. Kama mwanao hajafundishwa nyumbani kwamba petroli ya barabarani ina mwenyewe, siku hiyo hamtakuwa na muda wa kufundishana.

Neno lililo chini ya hema

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 7, tunasoma habari za Akani aliyechukua vazi zuri, fedha na kipande cha dhahabu, akavifukia chini ya hema lake. Sisi wanawake tukisoma habari ile huwa tunajiuliza: je, mke wa Akani alikuwa wapi? Mtu hachimbi shimo katikati ya hema bila mwenye kufagia kuona udongo mpya. Biblia haimtaji. Inatuambia tu kwamba watu 36 walikufa vitani Ai kwa ajili ya jambo lile, na kwamba Akani hakuangamia peke yake, bali na watoto wake.

Wakatoliki wenzetu wana habari nyingine nzuri katika kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti, akiwa kipofu, alisikia mwanambuzi akilia nyumbani, akamwambia mkewe Anna amrudishe kwa wenyewe kama ameibwa. Kumbe Anna alikuwa amepewa na waajiri wake juu ya ujira wake wa kufuma, naye alikasirika sana. Tunaipenda habari hii kwa sababu Tobiti alikuwa na haki ya kuuliza lakini aliuliza vibaya, naye mwenyewe akahuzunika. Basi kuna namna ya kuuliza. Usimwulize mume mbele ya watoto. Usimwulize akiwa na njaa. Usianze na neno "mwizi". Dereva mmoja, ambaye mke wake tunasali naye, alituambia alichoulizwa na mkewe siku alipoacha: "Baba Fulani, nikiulizwa na watoto fedha hii ni ya nini, niwaambie nini?" Hakulala usiku ule.

Hata hivyo haitoshi kuwasema madereva na matingo. Wako wenye magari wanaompeleka mtu Kigoma na kurudi bila posho, wakamwambia ajue mwenyewe atakavyokula njiani. Wako wanaochelewesha mshahara miezi miwili, mitatu, kisha wanashangaa mafuta yakipungua. Na baadhi yao ni waumini wa mstari wa mbele kanisani. Dada, kama mumeo ana gari na ameajiri dereva, unaweza kumwuliza swali lako nawe: "Dereva wetu amelipwa?" Kwa maoni yetu swali hilo lingezuia wizi kuliko kufuli la tanki, ingawa kufuli nalo si baya, wala si vibaya kuegesha gari penye taa na kuandika kilomita kila jioni kwenye daftari.

Paulo alipowaandikia Waefeso, katika sura ya 4, hakuishia kumwambia mwizi aache. Alimtaka afanye kazi kwa mikono yake, apate na cha kumpa mwenye shida. Zakayo alirudisha mara nne. Katika kikundi chetu cha akina mama tumewahi kuletewa fedha na mke wa tingo, imefungwa kwenye kona ya khanga, arudishiwe mwenye lori. Ilikuwa elfu nane. Mwenye lori alipopelekewa alikaa kimya, halafu akaiongezea, akasema ipelekwe kwa wagonjwa.

Akinyonya, au akiungua

Sasa tuseme ya kazini kwetu, ambayo kila mama anapaswa kuyajua hata kama nyumbani kwake hajawahi kuingia tone la petroli. Watoto wadogo hunywa mafuta ya taa na petroli kutoka chupa za soda na za maji kila mwaka, na msaada wao ni ule ule.

Usimtapishe. Hili tunalirudia kwa sababu ndilo kosa la kwanza la majirani wenye huruma. Yakipanda tena kutoka tumboni, yanapata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya majivu. Maziwa hayaui sumu hii, na yanaweza kumfanya atapike. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, na mdomo asukutue na kutema. Yakiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali, hata kama anacheka. Tutamwangalia kwa saa sita angalau. Akiwa hakohoi na pumzi ni nzuri, atarudi nyumbani.

Aliyeungua, kwanza moto uzimwe: abiringike chini au afunikwe kwa blanketi zito. Halafu maji ya kawaida yamwagwe juu ya kidonda kwa dakika 20, si barafu. Vueni pete na bangili kabla mwili haujavimba. Mfunikeni kwa khanga safi iliyofuliwa. Tunaomba msipake dawa ya meno, wala asali, wala ute wa yai, wala unga, wala msibandike manyoya ya sungura. Asali ya Tabora tunaipenda, lakini kidonda kibichi cha moto kikifika kimepakwa vitu hivyo, sisi hulazimika kuvikwangua kabla ya kuona ukubwa wake, na maumivu yake hatuwezi kuyaeleza.

Wengine huchelewa kwa kuogopa polisi. Aliyemeza petroli msimcheleweshe kwa ajili ya fomu ya polisi. Aliyepigwa na watu anahitaji ile PF3, lakini akiwa katika hatari hutibiwa kwanza na ndugu huifuata fomu. Semeni ukweli mlangoni. Kama alinyonya saa nane ya usiku na akaanza kukohoa alfajiri, semeni hivyo hivyo, maana kwa saa hizo mbili ndipo tunapojua tumwangalie hadi lini. Na dumu lenyewe msiingie nalo wodini kutuonyesha, kwa kuwa humo mna oksijeni. Liacheni nje, mbali na jiko la wasindikizaji, mtuambie tu lilikuwa na nini.